Fundi anajibu: lupu imeshapata inachotafuta, inaambiwaje isimame?

Swali: Fundi shikamoo. Mi naandika kitu cha kupita kwenye mti wa nodi kwa Rust, ni fankshini inayojiita yenyewe na inapokea kolbeki (fankshini unayompa mwingine aiite), sasa nikishaipata nodi ninayoitaka sitaki iendelee kuzunguka kwenye matawi mengine bure. Nilichofanya kolbeki inarudisha Result (aina ya Rust yenye Ok kwa mafanikio na Err kwa kosa), nikipata narudisha Err yenye ile nodi ndani, afu ile alama ya ? inaibeba mpaka juu kabisa, kule juu nafungua Err nachukua mzigo wangu naondoka. Inafanya kazi vizuri tu. Mwenzangu anayenipitia kodi (ya kompyuta, sio ya nyumba) kasema huu ni uhuni, eti nimepata ninachotafuta afu napiga kelele za kosa. Nikamuuliza ubaya uko wapi kama kitu kinafanya kazi, mpaka leo kanuna. Nani yuko sawa?

Jibu: Marahaba. Mwenzako yuko sawa, kosa lake ni kununa badala ya kukuelewesha.

Tuanze na tatizo lenyewe. Ukiwa unaandika lupu yako mwenyewe, for iko hapo na mwili wake uko hapo mbele ya macho yako, hamna shida, unaandika break au return na mambo yameisha. Shida inaanza pale mwenye lupu ni mwingine na we umempa tu kipande cha kazi akifanye kwa kila nodi. Break yako haimfikii, iko ndani ya fankshini nyingine kabisa na kompaila itakugomea. Kwahiyo inabidi umpelekee ujumbe, na ujumbe ulionyooka kuliko wote ni kile ambacho kolbeki inarudisha. Sasa unarudisha nini ambacho mtu yeyote akikiona anajua maana yake ni "basi, imetosha"?

We umechagua Err kwasababu ya utamu wa ile alama ya ?, na nakuelewa kabisa. Ila angalia, unachokipenda hapo sio kosa, unachokipenda ni kutoka mapema bila kuandika match (ya kuchambua jibu) kila ngazi. Hivi vitu viwili vimezoeleka kutembea pamoja mpaka watu wanadhani ni kimoja.

Ngoja nikupe yaliyonikuta. Zamani kidogo kazini tulikuwa na kipita-mti cha hivyohivyo, ukipata unarudisha kosa. Akaja kijana mzuri tu, mchapakazi, akaona fankshini inarudisha makosa mara kwa mara, akaizungushia kitu cha kujaribu tena mara 3 kabla ya kukata tamaa. Hajakosea, ndo unavyofanya kwa fankshini inayofeli. Matokeo yake kila utafutaji uliofanikiwa ukawa unafanyika mara 3, na mwisho unarudisha jibu sahihi kabisa! Testi zote kijani, hakuna anayelalamika, ila kitu kimekuwa kizito na hatujui kwanini. Tulikuja kugundua kwa bahati tu, mtu aliweka logi ya Err kwa shida nyingine kabisa, logi ikajaa "makosa" ambayo ni ushindi mtupu.

Na hapo mti ulikuwa kwenye memori. Wa kwako kesho ukihamia kwenye diski, kusoma nodi kunaweza kufeli kweli, sasa kosa la kweli utaliweka wapi wakati kiti cha Err kimeshakaliwa na mgeni? Utaanza kutengeneza enamu (aina yenye matawi yenye majina) ndani ya Err, tawi moja "nimepata" na lingine "diski imegoma", na kila anayepokea lazima akumbuke kuchambua lipi ni lipi. Nishaona hiyo filamu, haiishi vizuri.

Rust wana kitu cha kazi hiihii, kinaitwa ControlFlow, kiko kwenye std::ops, kimeingia rasmi toleo la 1.55 mwaka 2021. Ni enamu ya matawi mawili tu, Continue na Break, na Break unaipakia mzigo unaoutaka. Na raha yake ile alama ya ? inafanya kazi juu yake vilevile, kwahiyo hupotezi kitu:

```rust
fn pita(n: &Nodi, f: &mut impl FnMut(&Nodi) -> ControlFlow<u64>)
    -> ControlFlow<u64>
{
    f(n)?;
    for mtoto in &n.watoto {
        pita(mtoto, f)?;
    }
    ControlFlow::Continue(())
}
```

Ukisoma hiyo hamna neno kosa popote. Kolbeki ikirudisha Break(namba) safari inakatika hapohapo na namba inapanda mpaka juu, isiporudisha Break safari inaendelea. Hata yule kijana wetu asingeweza kuizungushia "jaribu tena", maana hamna Err ya kumdanganya.

Siku ukihamia kwenye diski utakuwa na majibu ya aina tatu: endelea, simama nimepata, na kitu kimeharibika. Watu wanagombana sana iwe Result iliyobeba ControlFlow au ControlFlow iliyobeba Result. Mi napenda Result iwe nje, Result<ControlFlow<T>, E>, kwasababu kosa la diski ni la mwenye lupu na linatakiwa lipande juu bila kumuuliza mtu, halafu kilichobaki ndani ni mazungumzo ya kuendelea au kusimama. Bei yake ni kwamba ? itakutolea kosa tu, ile Break itabidi uikamate kwa mkono na if let alafu uirudishe umeifunga kwenye Ok. Mistari mitatu, vumilia.

Ila usije ukatoka hapa ukaanza kuweka ControlFlow kila kona. Kama ni iterata ya kawaida, find, any, all na position tayari zinasimama zenyewe zikipata jibu. Na kama ni for yako, break inatosha sana, hamna zawadi ya kutumia kitu kigumu.

Swali: Habari za kazi fundi, mi ni dada naandika C, nina mwaka wa pili sasa. Swali langu ni dogo ila linanitoa machozi. Kwenye laibrari moja kolbeki ikirudisha 1 inasimama, nikaenda kwenye nyingine nikarudisha 1 ikaendelea mpaka mwisho kama hainisikii, kumbe hii inataka 0. Kuna sheria gani hapa, au kila mtu anajiamulia?

Jibu: Nzuri dada yangu. Kila mtu anajiamulia, pole sana.

Na sio laibrari za mitaani tu, hata wakubwa. nftw ya POSIX (kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix), ile ya kupita kwenye folda, kolbeki ikirudisha kitu chochote kisicho sifuri inasimama na inakurudishia namba yako. dl_iterate_phdr, ile ya kupita kwenye laibrari zilizopakiwa, hivyohivyo. sqlite3_exec ya hifadhidata ya SQLite nayo kisicho sifuri kinakatisha, ila yenyewe inaenda mbali zaidi, inakuletea SQLITE_ABORT kama vile kuna ajali wakati we umeomba tu kusimama, yani ni shida ileile ya kijana wa juu. Hawa wote wanafikiri kwa kichwa cha C: sifuri ni amani, kingine ni tatizo, kwahiyo ukitaka kusimama jifanye una tatizo.

Kisha nenda Windows, EnumWindows, kule kolbeki ikirudisha TRUE inaendelea na FALSE ndo inasimama. Go wanafanya hivyohivyo kwenye Range ya sync.Map, false ni simama. Wao wanafikiri kama swali: "niendelee?" Ndio au hapana. Sasa chukua GLib, laibrari ya C, g_tree_foreach, pale TRUE ndo inasimamisha! Wao swali lao ni "nisimame?" Kwahiyo una TRUE mbili, zimeandikwa sawa herufi kwa herufi, moja ni nenda na nyingine ni simama, na kompaila haiwezi kukusaidia maana kwake zote ni namba halali.

Ndo maana mi nasema bool (true au false) ni mjumbe mbovu kwa kazi hii. Sio kwamba haifanyi kazi, inafanya, ila inabeba jibu bila kubeba swali. Ukikuta `return true;` katikati ya kolbeki ya mistari 60 hujui kinachotokea mpaka ukafungue maelezo ya laibrari. Hata kompaila ya Rust yenyewe, vile vitu vyake vya kupita kwenye taipu vilikuwa vinarudisha bool, true maana yake simama, wakaja wakavigeuza vyote virudishe ControlFlow. Watu wanaotengeneza kompaila wamechoka kukumbuka, sembuse sisi.

Kwenye C huna ControlFlow lakini una enum, itumie. Andika PITA_ENDELEA, PITA_SIMAMA, na nakushauri uweke na ya tatu toka siku ya kwanza: PITA_RUKA_TAWI, maana ukishakuwa na mti utaitaka tu, yani "usisimame ila humu ndani usiingie". Hili ndo bool haiwezi kabisa, ina maneno mawili tu na we unahitaji matatu. libclang, laibrari ya kusoma kodi ya C, wamefanya hivyo, wana CXChildVisit_Break, CXChildVisit_Continue na CXChildVisit_Recurse. glibc (laibrari ya C ya GNU) nao waliongeza kwenye nftw bendera inaitwa FTW_ACTIONRETVAL, ukiiwasha kolbeki inarudisha majina badala ya namba: FTW_CONTINUE, FTW_STOP, FTW_SKIP_SUBTREE na FTW_SKIP_SIBLINGS. Hiyo ya mwisho inaruka ndugu waliobaki kwenye folda ileile. Ni ya GNU tu lakini, ukihamia mfumo mwingine hutaikuta.

Nikuchekeshe kidogo na Go. filepath.WalkDir inatumia aina ya error kupeleka ujumbe, unarudisha fs.SkipDir kuruka folda, na toka Go 1.20 ya 2023 kuna fs.SkipAll ya kumaliza safari yote. Kabla ya hapo watu walikuwa wanajitungia kosa la bandia wanalitupa afu wanalidaka nje. Sasa mtego wake: ukirudisha SkipDir ukiwa umesimama juu ya faili, sio folda, inaruka kila kilichobaki kwenye folda iliyolibeba hilo faili. Nishaona mtu anashangaa nusu ya mafaili yake hayasomwi, kumbe alidhani anaruka faili moja tu. Na mtego mwingine, WalkDir inalinganisha kwa == moja kwa moja, kwahiyo ukiwa na ile tabia nzuri ya kuzungushia kila kosa maelezo kwa fmt.Errorf, SkipAll yako inageuka kosa la kweli na kila mtu analiona. Ujumbe wa kusimama ukiishi nyumba moja na makosa ndo yanakuja mambo kama haya.

Kitu kimoja nakuomba usifanye: usitoke kwenye kolbeki ya mtu kwa longjmp (kuruka moja kwa moja kurudi mahali ulipoweka alama nyuma). Unadhani umetoka kumbe umemwachia mwenye lupu folda zake wazi, memori yake haijaachiwa, na yeye hata hajui kama umeondoka.

Swali: Mambo vipi fundi. Nina while, ndani yake kuna switch, nikaandika break nikidhani natoka kwenye while, ikatoka kwenye switch tu, lupu inaendelea. Goto (amri ya kuruka hadi kwenye lebo) watu wanasema ni dhambi. Nifanyeje sasa?

Jibu: Poa sana. Kwenye C break inatoka kwenye lupu au switch iliyo karibu zaidi, basi, haina macho ya kuona nia yako. Na usione aibu, kosa la familia hii limeshaangusha vitu vikubwa. Tarehe 15 Januari 1990 mtandao wa simu za mbali wa AT&T kule Marekani ulilala kwa muda wa kama saa 9 hivi, swichi 114 (mitambo ya kuunganisha simu) zikawa zinajizima na kujiwasha zenyewe, moja ikiamka inamwangusha jirani, na chanzo kilikuwa break kwenye programu ya C, imekaa ndani ya if na if imekaa ndani ya switch. Break haiijui if kabisa, ikatoka kwenye switch nzima na kuruka kazi iliyotakiwa kufanyika.

Java, Go na Rust unaipa lupu ya nje lebo afu unaitaja, kwa Rust ni 'nje: for na baadae break 'nje, imeisha. C mpaka C23 haina hiyo, kwahiyo una njia mbili za heshima: chukua lupu yote uihamishie kwenye fankshini yake utoke kwa return, au tumia goto kwenda lebo iliyo chini ya lupu. Barua ya Dijkstra ya 1968 ndo watu wanaishika kama msahafu, ila yeye alikuwa anapigana na kodi inayoruka kila upande mpaka hujui ulikotoka. Goto moja inayoenda mbele, chini, kwenye lebo yenye jina linaloeleweka, hiyo ni break yenye lebo iliyovaa nguo za zamani tu. Kerneli ya Linux imejaa hizo na inatembea.

Kitu ambacho sikushauri ni kuweka kigezo `maliza = 1` afu kila lupu inakiangalia kwenye sharti lake. Inafanya kazi, lakini kati ya kukiweka na sharti kuangaliwa kuna mistari mingine inakimbia, na hapo ndo bagi zinapojificha.

Swali: Fundi habari. Nimeandika draiva ndogo ya Linux, inapita kwenye nodi za devaisi trii (maelezo ya vifaa vya mashine yaliyopangwa kama mti) kwa for_each_child_of_node, nikipata ninayoitaka navunja lupu. Imekaguliwa, nikaambiwa "unavujisha rejea". Nimeangalia kodi yangu mara kumi sijachukua rejea yoyote. Pia waliniambia nisitumie kile kigezo cha lupu ya list_for_each_entry (makro ya kupita kwenye orodha) baada ya lupu kuisha, sijaelewa kwanini wakati kiko pale pale.

Jibu: Nzuri kabisa, na asante kwa swali, hili nalipenda kuliko yote ya mwezi huu.

Rejea (ile hesabu ya wanaoitumia nodi) hujachukua we, imechukua makro, yani kodi inayopanuliwa kabla ya kukompailiwa. for_each_child_of_node kila inapopiga hatua inaachia rejea ya mtoto wa nyuma na kushika ya mtoto wa mbele. Ikifika mwisho yenyewe, inakuwa imeachia ya mwisho na haijashika nyingine, mikono mitupu, safi. Sasa we ukiivunja katikati ile hatua ya "achia wa nyuma" haitokei tena, kwahiyo mtoto aliyekuwa mkononi wakati unavunja anabaki amehesabiwa kama anatumika milele. Makro imekuachia deni bila kukuambia. Dawa yake ni of_node_put(child) kabla ya break, na kabla ya return, na kabla ya goto, kila mlango wa kutokea. Na kama unamtaka huyo mtoto uendelee kumtumia nje ya lupu basi usimwachie hapo, rejea ni yako halali, utaiachia ukimaliza.

Hii bagi imesahihishwa kwenye kerneli mara nyingi sana, draiva baada ya draiva, mpaka wakaandika skripti ya Coccinelle (chombo cha kusaka mitindo ya kodi) ya kuitafuta. Mwishowe 2024 ikaingia for_each_child_of_node_scoped, ambayo inatumia ile atributi ya cleanup ya kompaila, kigezo cha lupu kikitoka tu kwenye eneo lake, kwa mlango wowote, of_node_put inaitwa yenyewe. Nzuri sana, ila sasa mtego umegeuka upande wa pili: ukitaka kumrudisha mtoto kwa aliyekuita lazima umchukulie rejea nyingine kwa of_node_get, la sivyo unamkabidhi mtu kitu ambacho kimeshaachiwa. Yani kabla ya hapo ulikuwa unasahau kuachia, saivi utasahau kushika. Nachagua la pili hata hivyo, linatokea mara chache zaidi.

Angalia lakini hili somo halihusu kerneli peke yake. Kila kutoka mapema kunakwepa kodi iliyokuwa chini. Kama usafi wako umeandikwa mwisho wa lupu, ukitoka katikati umeuruka. Rust wanayo Drop, C++ destrakta, zinafanya usafi bila kujali umetokea mlango gani. Go wana defer ila wengi wanajichanganya, defer iliyo ndani ya lupu haikimbii mwisho wa kila mzunguko, inasubiri fankshini nzima iishe, kwahiyo ukifungua mafaili elfu 5 kwenye lupu na kila moja una-defer Close utakuwa na mafaili elfu 5 yako wazi kwa pamoja mpaka mfumo ukukatalie.

Sasa list_for_each_entry. Ile lupu ikiisha yenyewe bila kupata kitu, kile kigezo hakiwi NULL. Orodha za kerneli ni duara, mwisho wake ni kichwa cha orodha, na kichwa hakiko ndani ya struct yako, ni list_head peke yake. Makro inafanya hesabu ya container_of (kutoka anwani ya kipande kupata anwani ya struct nzima) juu ya kichwa kama vile na chenyewe ni mwanachama, inakupa poinita inayoelekea kwenye memori isiyokuhusu hata kidogo. Ukiisoma unapata takataka, ukiiandikia umeharibu kitu cha mtu. Kwahiyo baada ya lupu hujui: nimetoka kwasababu nimepata, au kwasababu vimeisha? Poinita inafanana tu kwa macho.

Wanachotaka ni uweke poinita ya pili, `imepatikana = NULL` juu, ndani ya lupu ukipata unaijaza afu unavunja, na nje ya lupu unaangalia hiyo tu. Suala hili lilivyo zito, lilikuwa moja ya sababu za kerneli kuhama toka C89 kwenda C11 kwenye toleo la 5.18 mwaka 2022, ili kigezo cha lupu kiweze kutangazwa ndani ya lupu yenyewe na nje kisionekane kabisa, asiyekiona hawezi kukitumia vibaya.

(Python nao wana jibu lao la swali hilihili, else ya lupu, inakimbia kama lupu imeisha bila kuvunjwa. Wazo zuri jina baya, sijawahi kukutana na mtu aliyelielewa mara ya kwanza. Rust loop inaruhusu break irudishe thamani, ila ni kwa loop tu, for na while hapana, kwasababu hizo zinaweza kuisha zenyewe na hapo thamani ingetoka wapi?)

Swali: Kwenye JavaScript nimeweka return ndani ya forEach ila haisimami.

Jibu: Haitasimama. Return inatoka kwenye kolbeki ya kipengele hicho tu, forEach haisikilizi unachorudisha. Tumia for...of na break, au find, au some ambayo inasimama ukirudisha true. Na usitupe eksepsheni ili uisimamishe, soma jibu la kwanza juu huko.

Swali: Kaka fundi, nina tredi 8 (kazi zinazokimbia sambamba) zinatafuta kwenye data kubwa, moja ikipata nataka zingine ziache. Nimeweka `int simama = 0;` ya globo, kila tredi ina while (!simama). Nikikompaili bila optimaizesheni inafanya kazi, nikiweka -O2 zingine hazisimami kamwe, sipiyu zinaunguruma tu. Nimejaribu volatile ikawa kama imepona ila nasikia sio sawa. Kompaila ina bagi?

Jibu: Kompaila haina bagi mdogo wangu, bagi ni yako. Kompaila ikiangalia lupu yako inaona ndani yake hamna anayebadilisha simama, na kwa sheria za C11 ina haki ya kudhani hakuna tredi nyingine inayoigusa bila utaratibu, kwahiyo inaisoma mara moja kabla ya lupu, inaweka kwenye rejista, basi. Tredi yako inaangalia picha ya zamani milele. Volatile inailazimisha isome kila mara ndo maana ukaona imepona, ila kisheria bado ni mgongano wa data na haikuahidi chochote kuhusu data nyingine inayoandikwa pembeni. Volatile na sig_atomic_t ni za kuongea na handla ya signo ndani ya tredi hiyohiyo. Tumia atomic_bool, kwa Rust AtomicBool.

Watu wanaogopa sana habari za oda, yani mpangilio ambao tredi moja inaona maandishi ya nyingine. Kama ile bendera inasema tu "acheni" na jibu lenyewe utalisoma baada ya kuzi-join tredi zote (kuzisubiri ziishe), Relaxed inatosha, join yenyewe inaleta utaratibu. Ila kama kuna tredi ikiona bendera inaenda moja kwa moja kusoma jibu bila kusubiri, hapo mwandishi atumie Release na msomaji Acquire, vinginevyo inaweza kuiona bendera kabla ya jibu kufika.

Kuiangalia kila kipengele ni ghali kidogo kama kazi ya kipengele ni ndogo, sio kwasababu ya kusoma kwenyewe bali kwasababu lupu yenye usomaji wa atomiki ndani kompaila inashindwa kuifanyia ule ujanja wa kuchakata vitu vingi kwa mpigo. Gawa vipande, kipande kina vipengele 1,024 hivi, ukimaliza kipande unaangalia bendera. Utapoteza kazi ya kipande kimoja kwa kila tredi, sio mbaya.

Na kumbuka bendera haimwamshi aliyelala. Tredi iliyokwama kwenye read ya soketi haiangalii bendera yako wala habari hana, huyo mpaka umfungie soketi kwa shutdown, au umpe poll ya vitu viwili, soketi na paipu ya kengele.

La mwisho, amua unataka jibu lolote au jibu la kwanza kwa mpangilio wa data. Ni maswali mawili tofauti. Kwenye rayon, laibrari ya Rust ya kazi sambamba, kuna find_any na find_first, find_first haiwezi kusimamisha kila mtu mara tu mmoja anapopata, maana waliopo kushoto kwake wanaweza kuwa na la mapema zaidi, inawasimamisha wa kulia tu. Ukitaka lolote, tredi mbili zinaweza kupata kwa wakati mmoja kabla hazijaonana, kwahiyo usifanye kuandika true kibubu, fanya compare_exchange, atakayeigeuza kutoka false kwenda true ndo anaandika jibu (lisomwe baada ya join, maana hapa bendera inatangulia jibu), aliyekuta imeshageuzwa atupe alichopata aondoke.